Kofia ya Jack Leslie: aliitwa England mwaka 1925, kwa nini hakucheza?

Kila Oktoba, mwezi ambao Uingereza huutenga kukumbuka historia ya watu weusi, picha ya sanamu moja huzunguka tena mitandaoni. Ni sanamu ya mchezaji wa kale aitwaye Jack Leslie, na imesimama nje ya uwanja wa Home Park mjini Plymouth, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Maneno yanayoandikwa chini ya picha hayaelewani. Mmoja anasema huyu ndiye mweusi wa kwanza kuichezea England. Mwingine anasema hakucheza hata dakika moja, alipewa kofia tu. Wa tatu anauliza, kofia gani tena? Kwenye kundi letu la WhatsApp la mashabiki ubishi ulikwenda siku mbili, hadi jamaa mmoja akaja na swali lililowanyamazisha wote: "Kama alikuwa moto hivyo, mbona alizeekea daraja la tatu?"

Ni swali la mtu anayelijua soka la leo. Leo kijana wa daraja la tatu akifunga mabao 20, dirisha la usajili likifunguliwa tu ameshaondoka. Enzi za Leslie, yaani miaka kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, milango ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo shabiki wa sasa hawezi kuikisia. Asiyezijua kufuli hizo atamwona Leslie kama mchezaji wa kawaida aliyependelewa na historia.

Kwanza, maneno

Kofia ni kofia kweli. Tangu miaka ya 1880 mchezaji wa timu ya taifa ya England hupewa kofia ya kitambaa yenye kishada, na ndiyo maana mpaka leo Waingereza huhesabu mechi za timu ya taifa kwa kofia. Wakisema fulani ana kofia 50, maana yake amecheza mechi 50. Haivaliwi. Inakaa kwenye kabati la vioo sebuleni, wageni waione.

England nayo si Uingereza. Uingereza ni dola nzima. Kwenye soka imegawanyika England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, ambayo enzi za Leslie iliitwa Ireland tu, kila mmoja na timu yake ya taifa. Watangazaji wetu huchanganya na hakuna anayekufa, lakini katika habari hii tofauti ina uzito, kwa sababu mlango uliofungwa England ulifunguka Wales, kama tutakavyoona.

Halafu daraja la tatu. Ligi ya kulipwa ya England ilianza mwaka 1888 ikiwa na daraja moja, la pili likaongezwa 1892. Daraja la Tatu lilizaliwa 1920, na mwaka uliofuata likagawanywa mawili: la Kusini na la Kaskazini. Hayakuwa daraja la tatu na la nne. Yalikuwa pacha, yenye hadhi sawa, kila moja upande wake wa nchi, ili timu zisitumie nauli zaidi ya mapato ya getini. Mpangilio huo ulidumu hadi 1958.

Humo ndimo alimoingia kijana Leslie. Alizaliwa Agosti 1901 Canning Town, mashariki ya London, mtaa wa bandarini. Baba alitoka Jamaica, mama alikuwa Mwingereza. Alijifunza ufundi wa boila, Jumamosi akichezea Barking, timu ya ridhaa ya jirani, ambako alifunga mabao mpaka sifa zikasafiri. Mwaka 1921 meneja Bob Jack wa Plymouth Argyle akamsajili. Kutoka London hadi Plymouth ni safari ya treni ya kilomita zaidi ya 300. Alikaa huko mpaka mwisho wa maisha yake ya soka: mechi 400 hivi, mabao 137, na si kama mshambuliaji wa kati bali wa ndani kushoto, anayecheza nyuma kidogo na kumlisha winga. Winga wake alikuwa Mskoti mfupi aitwaye Sammy Black, na kwa miaka wawili hao walimtesa kila beki wa kulia aliyekuja Home Park.

Mlango mmoja, timu 22

Sasa kufuli ya kwanza, na ndiyo inayowachanganya watu zaidi wanaposoma jedwali la zamani.

Siku hizi tumezoea: wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wanaofuata wanagombea nafasi moja kwa mchujo. Katika Daraja la Tatu Kusini alipanda bingwa peke yake. Wa pili alipigiwa makofi na kurudi mwanzo. Si mchujo, si nafasi ya upendeleo, hakuna.

Argyle walishika nafasi ya pili msimu wa 1921–22. Wakashika ya pili 1922–23. Na 1923–24. Na 1924–25, na 1925–26, na 1926–27. Misimu sita mfululizo wa pili, na misimu sita wakabaki palepale. Mabingwa walibadilika: Southampton, Bristol City, Portsmouth, Swansea, Reading, kisha Bristol City tena. Aliyekuwa wa pili hakubadilika. Swansea waliwazidi pointi moja. Reading nao waliwazidi pointi moja.

Ya kwanza ndiyo inayouma kuliko zote, maana Southampton na Argyle walimaliza wakiwa na pointi 61 kila mmoja. Hapa kuna jambo lingine la kufafanua. Ushindi ulikuwa na pointi 2, si 3, na timu zikilingana hazikutenganishwa kwa tofauti ya mabao kama sasa. Walitumia wastani: unachukua mabao uliyofunga, unagawa kwa uliyofungwa. Southampton walifunga 68 wakafungwa 21. Gawanya, unapata 3.24. Argyle walifunga 63 wakafungwa 24, unapata 2.63. Hesabu hiyo nimeifanya nyuma ya risiti ya luku na naweza kusema haina huruma, kwa sababu inampendelea anayefungia lango kuliko anayefunga mabao. Bao moja ulilofungwa lina uzito wa matatu uliyofunga. Hata hivyo kwa kanuni ya leo ya kutoa, Southampton wangeshinda pia. Kingine kinakera zaidi: Argyle walishinda mechi 25, Southampton 23. Kwa pointi 3 kwa ushindi, kama ilivyo sasa, Argyle wangepata 86 na Southampton 84, na Leslie angeanza maisha yake kwenye daraja la pili.

Watani wa Argyle walisema ni timu isiyojua kumaliza. Unaweza kuamini hivyo mpaka uone kilichowapata Brentford msimu wa 1929–30. Walicheza mechi 21 za ligi nyumbani na wakashinda zote 21. Zote. Wakamaliza wa pili, wakabaki Daraja la Tatu. Bingwa msimu huo? Plymouth Argyle, hatimaye, kwa pointi 68. Leslie alikuwa na miaka 28 alipopanda daraja, miaka tisa baada ya kufika.

Huko daraja la pili hawakuaibika. Msimu wa 1931–32 walimaliza wa nne, nafasi ya juu kuliko zote walizokuwa wamewahi kushika, na Januari 1932 walikwenda kucheza Kombe la FA kwa Arsenal mbele ya watu zaidi ya 65,000. Walifungwa 4–2 na timu bora kuliko zote nchini. Hao ndio "wa daraja la tatu" wa miaka miwili nyuma.

Mkataba umeisha, lakini huondoki

Hapa ndipo jamaa wa WhatsApp atauliza: sawa, timu ilikwama, yeye si angehama?

Chukua dereva wa daladala. Makubaliano na tajiri wake ni ya mwaka mmoja. Mwaka umeisha, gari hataki kuliendesha tena, na kuna tajiri mwingine anamwita. Lakini leseni yake iko kwenye droo ya tajiri wa kwanza, na sheria ya chama cha wenye magari inasema tajiri anaweza kuishikilia anavyotaka. Si lazima ampe kazi. Si lazima amlipe. Mradi leseni iko kwake, hakuna tajiri mwingine katika chama atakayempa usukani.

Hiyo ndiyo kufuli ya pili, na hivyo ndivyo soka la England lilivyokuwa kuanzia miaka ya 1890. Leseni ya mchezaji ilikuwa usajili wake. Mikataba ilikuwa ya msimu mmoja mmoja, na kila mwisho wa msimu klabu ilipeleka orodha zake kwa ligi: hawa tunabaki nao, hawa tunawauza, bei yao hii hapa, hawa waende. Aliyekuwa kwenye orodha ya kwanza alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kutia saini tena, au kukaa. Wa orodha ya pili naye alisubiri mtu wa kufika bei, na bei aliipanga klabu. Wa tatu tu ndiye aliyekuwa mchezaji huru kwa maana tunayoijua, na mara nyingi alikuwa mtu aliyekwisha au mgonjwa wa goti.

Wachezaji walijaribu kwenda mahakamani mwaka 1912 kupitia kesi ya mchezaji wa zamani wa Aston Villa aitwaye Kingaby, wakashindwa vibaya na chama chao karibu kifilisike. Kufuli hiyo ilivunjwa mwaka 1963 kwa kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle, na ile tunayoiita sheria ya Bosman, mkataba ukiisha unaondoka bure, ni ya 1995. Kwa hiyo mtu anayesoma kwamba Leslie alikaa Argyle miaka 13 na kusema "alikuwa mwaminifu kwa klabu" anaweza kuwa na haki, maana inaonekana aliipenda Plymouth. Ila uaminifu wa mtu ambaye leseni yake iko droo ya mwenzake una walakini.

Pauni nane

Kufuli ya tatu ilikuwa mshahara, nayo ilifanya kazi kwa namna ya ajabu: iliondoa hata hamu ya kuhama.

Tangu 1901 kulikuwa na kiwango cha juu cha mshahara ambacho klabu yoyote haikuruhusiwa kukivuka. Kuanzia 1922 kiwango hicho kilikuwa pauni 8 kwa wiki wakati wa ligi na pauni 6 wakati wa mapumziko ya kiangazi, pamoja na pauni 2 timu ikishinda na pauni 1 ikitoa sare. Pauni 8 si kitu kwenye macho ya leo, basi tuziweke kwenye fedha tunayoielewa. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Mwaka 1921, mwaka uleule Leslie aliposaini, serikali ya kikoloni ilileta shilingi ya Afrika Mashariki kwa Kenya, Uganda na Tanganyika na kuilinganisha na ya Uingereza, 20 kwa pauni. Karani wa Mombasa wa wakati huo angeuelewa mshahara huo bila kwenda kwa mbadilisha fedha: shilingi 160 kwa wiki. Kiwandani England mwanamume alipata kama shilingi 60.

Kwa hiyo mchezaji wa kiwango cha juu alikuwa mtu mwenye nafuu, si tajiri. Na wengi wa madaraja ya chini hawakufika hata kwenye hicho kiwango. 160 ilikuwa dari, haikuwa ahadi. Upande wa pili, kiingilio cha chini cha mtu mzima uwanjani kilikuwa shilingi 1. Watu 160 wakipita getini, mshahara wa wiki wa nyota mmoja umeshapatikana, na waliobaki nyuma yao ni maelfu. Fedha hazikukosekana. Zilikuwa hazishuki mpaka kwenye njumu.

Mfano bora uko ndani ya familia ya meneja wa Leslie mwenyewe. Bob Jack alikuwa na mtoto, David, aliyeanza na babake Argyle kisha akauzwa Bolton mwaka 1920. Mwaka 1928 Arsenal walimnunua kwa zaidi ya pauni 10,000, mara ya kwanza duniani mchezaji kufika bei hiyo, na magazeti yalilia kwamba soka limeingiwa wazimu. Mshahara wake Arsenal ukawa kiasi gani? Dari ilikuwa ileile, pauni 8. Posho ya kusaini, kwa kanuni, haikuzidi pauni 10. Klabu moja iliilipa nyingine bei ya mtaa mzima wa nyumba, na aliyeuzwa akapata ya kununulia suti.

Sasa rudi kwenye swali la jamaa. Kama David Jack wa Arsenal, ghali kuliko mchezaji yeyote duniani, alikuwa chini ya dari ya pauni 8, na klabu kubwa ya Daraja la Tatu kama Argyle, yenye mashabiki wengi, iliweza kulipa mpaka dari hiyohiyo, kupanda daraja kulimwongezea mchezaji nini mfukoni? Kidogo sana. Ndiyo sababu daraja la tatu la wakati ule lilikuwa na watu ambao leo usingewakuta huko hata kwa bahati mbaya. Klabu kubwa haikuweza kumvuta mtu kwa fedha halali. Kipaji kilibaki kilipoota.

Kamati na ile wiki ya Oktoba

Tumefika kwenye kofia.

Anayesema "kocha wa England alimkata" anasema jambo lisilowezekana, kwa kuwa England haikuwa na kocha. Wa kwanza, Walter Winterbottom, alikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Kabla yake kikosi kilipangwa na kamati ya uteuzi ya Chama cha Soka, FA: wazee wa vyama na vilabu, wengi hawakuwahi kufundisha timu, wakikaa mezani na kuchagua mtu mmoja mmoja kwa kila nafasi. Walioshawahi kukaa kwenye kamati ya harusi wanaujua mwendo wa vikao vya namna hiyo. Kila mjumbe ana mtu wake. Na mjumbe hakuwa lazima amwone mchezaji kwa macho yake. Sifa zilitoka kwa wenzake, kwa vilabu na magazetini. Picha za magazeti zilikuwa chache na hafifu, televisheni haikuwepo.

Msimu wa 1924–25 Leslie alikuwa amepata namba ya kudumu Argyle, na msimu uliofuata timu ilikuwa ikimimina mabao. Mapema Oktoba 1925 Bob Jack alimwita ofisini. Leslie mwenyewe alisimulia tukio hilo miaka mingi baadaye, mzee wa miaka 80 na ushee: meneja alimwambia ana habari kubwa, amechaguliwa England. Mechi ilikuwa dhidi ya Ireland mjini Belfast, tarehe 24 Oktoba. Habari ikaenea mjini kote. Kwa klabu ya Daraja la Tatu ilikuwa kama sikukuu.

Kisha kukawa kimya. Orodha ilipotoka magazetini, nafasi ya ndani kushoto ilikuwa na jina la Billy Walker wa Aston Villa. FA haikutoa maelezo. Leslie alisema alisikia kwa njia za pembeni kwamba watu wa FA walikuja kumtazama tena, na safari hii walichokuja kukitazama hakikuwa mpira wake bali uso wake.

Wapo wanaoitetea kamati. Wanasema huenda ilikuwa daraja. Kamati haingempa mtu wa daraja la tatu jezi ya England. Hoja hiyo inasikika vizuri mpaka ukumbuke kipa Fred Fox. Mei 1925, miezi mitano tu kabla, Fox aliidakia England dhidi ya Ufaransa akiwa mchezaji wa Gillingham. Gillingham walikuwa Daraja la Tatu Kusini, ligi moja na Argyle, na walikuwa chini yao kwenye jedwali. Len Graham wa Millwall naye alivaa jezi ya England mwaka huohuo wa 1925, na Millwall walikuwa daraja hilohilo. Ndani ya Argyle penyewe, beki Moses Russell alikuwa mchezaji wa kudumu wa timu ya taifa ya Wales. Daraja halikumzuia Fox wala Graham.

Na ile hoja ya kiwango? Tarehe 24 Oktoba 1925 England walicheza Belfast na kutoka 0–0. Siku hiyohiyo, Plymouth, Argyle waliwafunga Bournemouth 7–2. Leslie alifunga mawili.

Hakuitwa tena. Si mwaka uliofuata, si walipotwaa ubingwa, si walipokuwa wa nne daraja la pili.

Wa kwanza, wa pekee, na mengine yanayoandikwa

Turekebishe sasa maneno ya chini ya picha, kwa haraka.

Leslie hakuichezea England. Mweusi wa kwanza kucheza mechi kamili ya timu ya wakubwa ya England ni Viv Anderson, beki wa kulia wa Nottingham Forest, tarehe 29 Novemba 1978 dhidi ya Czechoslovakia. Miaka 53 baada ya Belfast. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuwa chini ya ile picha.

Hakuwa mweusi wa kwanza wa soka la kulipwa pia. Kipa Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra, alikuwa akilipwa kudaka katika karne ya 19. Walter Tull alichezea Tottenham na Northampton kabla ya kuuawa vitani mwaka 1918. Wala hakuwa wa pekee wakati wake, ingawa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Winga Eddie Parris wa Bradford Park Avenue aliichezea Wales mwaka 1931 dhidi ya Ireland. Ilikuwa Belfast, mji uleule. Wales walimtazama Parris na kuona winga.

Kofia nayo ni ya heshima. Baada ya mashabiki wa Plymouth kuchangishana fedha kuanzia 2020 na kusimamisha ile sanamu tarehe 7 Oktoba 2022, FA ilikubali kumpa Leslie kofia aliyonyimwa, na familia yake ikakabidhiwa Wembley Machi 2023, siku ya mechi ya England na Ukraine. Kwenye vitabu vya takwimu mechi zake za England bado ni sifuri. Kofia ya heshima haibadilishi hesabu, na nadhani ni sawa isiibadilishe. Sifuri hiyo ikifutwa, kamati nayo itakuwa imefutiwa kosa lake.

Mwisho wa miaka yake uwanjani uliletwa na jeraha la jicho. Mpira wa wakati huo ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa gidamu kama kiatu. Mvua ikinyesha ulikunywa maji ukawa mzito kama mfuko wa unga uliolowa, na anayeupiga kichwa alijitahidi usimjie upande wa gidamu. Kufikia 1935 Leslie alikuwa ameacha, na baadaye akarudi London mashariki, kwenye ufundi wake wa boila. Hapakuwa na akiba ya kuishi nayo mtu aliyelipwa shilingi zisizozidi 160 kwa wiki, na pensheni ya soka hakuna aliyewahi kuisikia.

Alipostaafu uboila alipata kazi nyingine karibu na alikozaliwa, kwenye klabu ya West Ham. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza njumu za wachezaji: kukwangua matope, kupaka mafuta, kuzipanga tayari kwa Jumamosi. Njumu zilizopita mikononi mwake zilikuwa za kina Bobby Moore na Geoff Hurst, mabingwa wa dunia wa 1966, za kijana Harry Redknapp, na za Clyde Best, mshambuliaji mweusi kutoka Bermuda. Leslie hakuwa msemaji wa mambo yake. Wengi walioingia kwenye kile chumba kuchukua viatu vyao walimwona mzee mpole wa njumu, wakasema asante, wakatoka kwenda uwanjani.